Treni au basi? Siku mtu wa reli alipowaonyesha wapimaji pa kupitisha njia

Wakuu, salaam aleikum, na wasio wa salamu hiyo, hamjambo nyote.

Mimi ni mtu mzima. Skuli niliishia darasa la tatu, kwa hivyo mkiona herufi zimekaa upogo mniwie radhi. Lakini haya niliyaona kwa macho yangu mawili, na moja tayari lina mtoto wa jicho, basi semeni jicho moja na nusu. Uongo sina haja nao. Sina pa kuupeleka.

Nimesoma uzi wa vijana humu wakibishana mji wetu ufanyiwe nini, uwekewe njia za mabasi peke yake au treni za kubeba watu wa kila siku. Nikasema na mimi nina langu.

Lakini kwanza kitanda cha shangazi yangu.

Shangazi aliolewa mimi nikiwa sijaota ndevu. Bwana harusi alikuwa mtu wa kujionyesha, akaagiza kitanda cha besera, kile chenye nguzo nne na pazia, kimenakshiwa mpaka miguuni. Kikaletwa Mji wa Kale, hapa Mombasa, juu ya mkokoteni, wanawake wakipiga vigelegele madirishani.

Kona ya kwanza kikapita. Kona ya pili kikakataa.

Wakakilaza ubavu, wakakisimamisha, wakakirudisha nyuma. Bibi mmoja juu ghorofani akawa anawaambia, "Kushoto, kushoto," na kushoto kulikuwa na ukuta wa msikiti. Mwisho wake kilipandishwa kwa kamba mpaka kwenye sakafu, wenyewe tunaita sakafu ile paa ya juu ya kuanikia, kikavushwa nyumba tatu hewani. Mimi nilikuwa mmoja wa waliovuta kamba.

Siku ile wakasema, huyu kijana ana mabega. Mwenye mkokoteni akaniita kesho yake nikavute naye. Ndivyo nilivyoanza kazi, wakuu, kwa ajili ya kitanda cha watu.

Kazi yenyewe ilikuwa kutoa magunia kwenye mabohari ya stesheni ya zamani kuyaleta madukani. Na kila siku ilikuwa lazima nisimame pale barabara inapokata reli, ningoje treni ya mizigo ipite. Treni ile ilikuwa haina haraka kama bibi harusi. Unasimama, jua linakupiga, gunia linakulemea.

Hapo ndipo nilipomjua Wafula.

Wafula alikuwa mtu wa genge la reli. Si dereva, si mwenye kofia. Ni wale waliokuwa wakitembea juu ya mataruma, vile vibao vinavyobeba chuma, kila asubuhi, na nyundo ya mpini mrefu. Anagonga kabari moja baada ya moja, akisikiza. Kabari iliyokaza ina mlio wake, na iliyolegea ina mlio wake. Alipewa kipande chake, kutoka Makupa, pale kisiwa kinapoungana na bara, kwenda upande wa Changamwe, na kipande kile alikitembea miaka thelathini na moja.

Siku ya kwanza nilimtukana. Nikamwambia, "Wewe na chuma chako mnanichelewesha."

Akanijibu bila hata kuinua kichwa, "Chuma kilikuwa hapa kabla ya mkokoteni wako. Mwamkie."

Tumekuwa marafiki tangu siku hiyo.

Yeye ni mtu wa Bungoma, Mkristo, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu kuliko cha wajukuu zangu. Alikuwa akisema "yakhe" mpaka watu wa bara wenzake wanamcheka. Mwezi wa Ramadhani hakunywa maji mbele yetu hata siku moja. Krismasi nilikuwa nakwenda kwake na halwa.

Mimi baadaye niliachana na mkokoteni, nikawa dereva wa basi la mjini. Miaka ishirini na kidogo. Nimepeleka watu Tudor, nimepeleka watu mpaka Miritini. Kwa hivyo mnaona wenyewe: mmoja wa barabara, mmoja wa reli, na wote wawili hatuna kazi tena. Tunakaa barazani kwa Athmani muuza kahawa kila asubuhi tukiteta.

Ugomvi wetu ulikuwa mmoja tu, na hauzeeki.

Wafula atasema, "Shee, basi lako likipata pancha pale Makupa, kisiwa kizima kinasimama. Treni haimwombi mtu njia."

Mimi nitasema, "Treni yako itanishusha stesheni. Kutoka stesheni mpaka mlangoni kwangu nani atanibeba, wewe?"

"Utapanda tuktuk kama watu."

"Haya, tayari umenirudisha barabarani."

Athmani atacheka mpaka kahawa imwagike. Wafula atakuja na jingine. "Dereva mmoja wa treni anavuta mji mzima. Nyinyi madereva mia mnavutana wenyewe kwa wenyewe."

"Watu wakihama mtaa, mimi nageuza usukani. Wewe utageuza reli?"

"Reli ikishawekwa, watu ndio huhamia kwake."

Hivyo hivyo, miaka. Wala hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake, hapo umesema kweli. Ingekuwa kama kumwambia mtu kwaheri.

Sasa basi.

Wakaja watu wa mipango ya usafiri. Ofisi yao siitaji. Walikuwa wanaongozwa na binti mmoja mwenye adabu sana, kila mzee alimwamkia kwa shikamoo yake, hakuruka hata mmoja. Akatuambia wana mawazo mawili. La kwanza, njia ya mabasi peke yake kutoka mjini mpaka Miritini, gari jingine haligusi. La pili, kuongeza reli ya pili kando ya ile ya zamani, na vituo vidogo vidogo, treni za watu ziende na kurudi kutwa. Wanataka wananchi waseme. Jumamosi, ukumbi mmoja Tononoka.

Baraza letu lina desturi, wakuu. Tukialikwa mahali hatuendi na vinywa kumi. Tunakaa siku moja kabla, tunapatana kauli, tunamchagua mmoja. Huyo akisimama anasema lililopatanwa, hazidishi, hapunguzi, kisha anakaa. Ndiyo maana tunasikizwa. Wengine wanakwenda kupiga kelele, sisi tunapeleka neno moja.

Basi Ijumaa tukakaa. Nusu wakasema basi, nusu wakasema treni. Nikabaki mimi.

Kila mtu alijua nitasema nini. Nilikuwa nimejiandaa kabisa, nina hoja zangu za usukani na mlango. Nikamtazama Wafula. Alikuwa ameweka mikono juu ya magoti kama mtu aliyekwenda kuposa.

Tangu mkewe afariki sikuwa nimemwona yule mtu akitaka kitu. Anakula kwa sababu ni saa ya kula. Siku ile alikuwa anataka.

Nikasema, "Treni. Na aseme Wafula."

Athmani akaweka buli chini. "Leo jua limetoka wapi?"

Wafula hakusema asante. Akaniambia tu, "Umeugua, Shee?" Lakini kesho yake alikuja na koti, wakuu. Koti la sufu, Mombasa, mwezi wa joto.

Ukumbi ulijaa. Wafula akasimama akasema kauli yetu, na nawaambia kweli, hata mimi dereva wa basi niliona haya kupinga. Alisema basi ni zuri na litahitajika tu, kwa sababu reli haiingii vichochoroni. Lakini pale Makupa ndipo kooni pa mji, na mabasi hata ukiyapa njia yao, yatakwenda kubanana na malori palepale. Akasema mpeni treni kazi ya kuvuka, mabasi na tuktuk muwape kazi ya kugawa watu. Watu wakapiga makofi. Akakaa, jasho linamtiririka ndani ya lile koti.

Mambo yangeishia hapo, tungekwenda nyumbani tukanywa kahawa.

Binti akawasha ile mashine ya kumulika ukutani, akatuonyesha mchoro wa reli. Ya zamani kwa rangi nyeusi, mpya kwa nyekundu. Ile nyekundu ilikuwa upande wa maji, ule wa mikoko.

Hapa lazima niwaeleze. Upande wa pili wa reli, upande wa mji, kuna nyumba saba za kale za wafanyakazi wa reli. Chumba na jiko, bati juu, uwanja mbele. Wanaokaa mle ni wastaafu na wajane wao, na Wafula alikaa nyumba ya tatu. Hana kiwanja Mombasa. Bungoma ana mtoto wa kiume ambaye kila mwaka alikuwa akimwambia, baba njoo nyumbani, na yeye kila mwaka akimjibu, nyumbani niko.

Binti akasema, "Kama mnavyoona, tumejitahidi njia ipite upande wa maji, ili zile nyumba za wazee zisiguswe hata moja."

Mama Atieno, jirani wa Wafula, mjane wa nyumba ya nne, akapiga kofi peke yake, akaangua kicheko cha furaha. Watu wote wakacheka naye.

Wafula akanishika goti.

"Shee," akaninong'oneza, "pale hapashikiki."

"Hapashikiki vipi?"

"Ule upande unakula. Kila masika tulikuwa tunamwaga kokoto, masika ya pili hazipo. Nyundo ikipiga upande ule inajibu kama inapiga mkate. Wakiweka reli pale, siku moja itadidimia, itakaa. Na itakaa na watu."

Nikamwambia, "Kaa kitako. Hao wana wahandisi na mashine zao. Watapima wenyewe."

"Watapima kiangazi. Kiangazi ni jiwe."

"Wafula. Kauli umeshaisema. Imeisha."

Nilimwambia hivyo, siwafichi. Nilijua anachotaka kufanya na nilijua nyumba ya tatu iko wapi. Nilimshika mkono wa koti. Nikadhani nimemweza.

Binti akauliza kama kuna neno la mwisho kabla hatujaomba dua. Wafula akasimama na mimi nimemshika vilevile, mkono wangu ukainuka naye kama wa mtoto wa madrasa anayetaka kujibu.

Akawaambia yote. Kokoto, masika, mlio wa nyundo. Hakutia chumvi.

Binti alikuwa anaandika. Akauliza, "Mzee wangu, kama si upande wa maji, wewe ungeipitisha wapi?"

Wafula akatoka mbele, taratibu, akaweka kidole ukutani. Ule mwanga ukamwangukia usoni na kotini, reli nyekundu ikampita kifuani.

"Hapa."

"Hapo pana nini?"

"Nyumba saba."

"Wanakaa nani?"

"Wastaafu. Hii ya tatu ni yangu."

Kisha Mama Atieno akasema, si kwa kelele, kwa sauti ile ya mtu anayeuliza bei, "Wafula, umekula nini leo wewe?"

Tulipotoka tukatembea naye kando ya uwanja wa Tononoka, vijana wanacheza mpira. Tulipofika mwisho wa ua akaniuliza:

"Umekasirika?"

"Nimekasirika."

"Sana?"

"Sana."

"Basi ninunulie dafu, maana hili koti litaniua."

Nikamnunulia. Akanywa, akapangusa mdomo. Akaniambia, "Nilitembea kipande kile ili mtu asianguke. Hakuna siku waliyoniambia sasa unaweza kuacha kusikiza."

"Walikuambia. Siku ya kustaafu."

"Ile siku walinipa saa ya ukutani," akasema.

Wakuu, wale watu wa mipango walikuwa waungwana. Walingoja masika. Wakaja na mtambo wa kutoboa ardhi, wakatoboa upande wa maji, na chuma kikatoka na tope jeusi. Ndani ya tope mlikuwa na kokoto. Kokoto zao wenyewe Wafula na wenzake, ardhi ilikuwa imezimeza mpaka huko. Binti akamwita aje aone. Akaokota moja, akaisugua kwenye suruali, akaitazama, akaitupa. Hakufurahi hata kidogo kuwa alisema kweli.

Mwezi uliofuata nyumba saba zikapigwa nambari kwa rangi. Wenye kukaa mle wakaambiwa wajitayarishe kuhama, ikiwa reli itachaguliwa, watalipwa cha kuhamia.

Sasa sikizeni hili, kwa sababu ndilo lililomuuma. Si nyumba.

Mama Atieno kila Jumapili alikuwa akimpelekea Wafula sahani. Ugali na samaki, au mboga zao zile chungu. Na huku kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, Wafula alikuwa anajua hilo kuliko mtu wa Mji wa Kale. Atairudisha na ndimu, na ndizi mbili, na chochote.

Jumapili baada ya rangi, sahani haikuja. Yeye alikuwa amebaki na moja ya wiki ya nyuma. Akaiosha, akatia maembe manne mazuri ya apple, akaiweka kizingitini pa Mama Atieno.

Kesho yake asubuhi sahani haipo. Maembe yamebaki pale chini, yamepangwa vizuri, manne.

Alinihadithia mara moja tu, kisha akabadilisha maneno, akaanza kuniuliza habari za mguu wangu.

Nilikwenda kwa Mama Atieno mwenyewe. Nikamwambia, dada yangu, huyu mtu alisema kweli, ardhi imeonekana. Akanijibu, "Shee, mimi najua alisema kweli. Kwani nani amesema ni mwongo? Ningependa anitafutie mahali ambapo ukweli wake una bati juu." Mpaka leo nalitafuta jibu lake.

Wafula nikampa chumba. Nyumba yetu ina chumba juu, kitupu tangu binti yangu aolewe, dirisha linatazama kichochoroni, upepo upo. Nikamwambia hamia, mke wangu amekubali, tena yeye ndiye aliyeanza kusema.

Akaja akakitazama. Akapanda ngazi akishika ukuta, akafika juu akihema. Akasema, "Hizi ngazi zako zilijengwa na mtu aliyekuwa na ugomvi na wazee."

"Utazizoea."

"Nitafikiri, yakhe."

Hakufikiri. Alikuwa ananiheshimu tu.

Sasa hivi ninavyoandika, Wafula hayuko Mombasa. Yuko kwa mwanawe Bungoma, mzima wa afya. Simu anashika. Kila nikimuuliza utakuja lini anasema nitakuja, na mimi nimeendesha basi miaka mingi, namjua abiria asiyekuja. Treni au basi, hatujaambiwa bado limechaguliwa lipi. Nyumba zingali zimesimama na nambari zake. Ya tatu ina kufuli.

Funzo nililopata, kama linawafaa.

Nyinyi mnaobishana humu mnalinganisha basi na treni kama mtu anayelinganisha wake wawili hajaoa hata mmoja. Lipi lina mbio, lipi linabeba wengi, lipi rahisi. Yote ni maswali mazuri, na binti yule alikuwa nayo kwenye karatasi. Lakini ulizeni pia nani ameitembea ile njia kwa miguu, masika na kiangazi, mkamkalishe mbele. Na mkishamsikiza, msimwache abebe peke yake gharama ya alichosema. Sisi tulimpigia makofi ya neno la kwanza, la pili tukamwachia.

Funzo la pili ni la kwangu mwenyewe. Nilitoa kauli ya baraza kwa ajili ya mapenzi, nikidhani nampa rafiki yangu zawadi. Ningeng'ang'ania basi langu, angekaa chini siku ile amenuna, na leo tungekuwa naye. Sijui kama najuta. Wengine wenu mmesoma, niambieni hapa chini: mngemshika mkono wa koti, au mngemwachia? Na wale wa Bungoma mlio humu, mkimwona mzee anatembea peke yake asubuhi akitazama chini, msalimieni kwa Kiswahili cha Mombasa.

Nimalizie alivyoondoka.

Ilikuwa asubuhi kama nyingine. Alifika barazani akasalimia mmoja mmoja kwa mkono. Akanywa kahawa. Nikaanza mimi uchokozi, nikamwambia treni ni kitu kizuri lakini basi, Wafula, basi linamfuata mtu mpaka anapoishi.

Nikangoja anijibu. Wote tukangoja, Athmani ameshaanza kutabasamu.

Akageuza kikombe chake, akakifudikiza juu ya sinia. "Hapo umesema kweli, yakhe," akasema. Akainuka, akajipangusa suruali, akashika njia ya Ndia Kuu.

Baraza lote likanigeukia mimi kunipongeza. Miaka yote ile, nimemshinda. Nilikuwa nimeshughulika kupokea mikono ya watu, sikumtazama alipokata kona.